Pete ya Milimita Ishirini na Moja

Fundi bomba mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Milimita, hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, kwa sababu alikuwa akiingia bafuni kwa mtu, anatupia jicho bomba lililopasuka, anasema, "Hiyo ni nusu inchi, na kiungo chake ni cha kizamani," kisha anakwenda dukani na kurudi na kifaa kile kile kilichotakiwa. Mafundi wenzake walikwenda dukani mara tatu kwa kazi moja. Yeye mara moja. Kwa miaka kumi na mmoja alijisifia jambo hilo, na tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kujisifia, ingawa angeweza kufanya hivyo kwa sauti ya chini kidogo.

Sasa mtu wa aina hiyo akiamua kuoa, usitegemee ataliendea jambo lenyewe kwa unyenyekevu. Milimita aliamua siku ya Jumatatu, akiwa amelala chali chini ya sinki la watu, na kufikia Jumatano alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: pete, siku, kikao, hadi shati atakalovaa. Kilichobaki, kwa maoni yake, kilikuwa kwenda kuichukua hiyo pete tu.

Aliyempenda alikuwa mshonaji, mwanamke wa miaka thelathini na miwili mwenye duka la chumba kimoja: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pazia la kubadilishia nguo, na kioo kikubwa alichokifuta kila asubuhi kabla hajafungua hata dirisha. Alikuwa na sheria moja, ameiandika ukutani kwa chaki: NAPIMA MTU, SIPIMI NGUO. Mteja akimletea gauni la zamani na kusema nishonee jingine kama hili, yeye huliweka gauni pembeni na kuchukua utepe. "Gauni haliwezi kuniambia umenenepa wapi," husema, na wateja hucheka huku wakinyanyua mikono wapimwe.

Milimita alimpata kwa sababu ya bomba lililokuwa likivuja nyuma ya duka. Alilitengeneza kwa dakika ishirini, kisha akakaa saa mbili akitafuta kitu kingine cha kutengeneza. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja na nusu uliopita, na tangu hapo hapakuwa na bomba lililotunzwa vizuri mjini kama lile.

Lakini kulikuwa na jambo, na Milimita alilijua, maana mshonaji mwenyewe alimsimulia bila kumung'unya maneno. Aliwahi kuchumbiwa. Mchumba wa kwanza alikuwa muuza magari, nadhifu, ananukia, na alikuja siku moja na pete, tarehe ya harusi na ramani ya nyumba, vyote kwa mpigo. Wiki mbili baadaye mshonaji akagundua kwamba mchumba wake ameshalitafutia duka lake mpangaji mwingine, na mpangaji huyo ameshakuja kupima upana wa mlango. Alipouliza, akaambiwa atulie, mwanamume anajua anachokifanya. Pete ilirudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, ndani ya bahasha ya kaki.

"Hakuwahi kukosea," mshonaji alimwambia Milimita. "Miaka miwili mizima, yule mtu hakuwahi kukosea hata siku moja. Chakula kikiungua nikipika mimi, kosa langu. Akipika yeye kikaungua, kosa la jiko. Siwezi kuishi tena na mtu asiyekosea."

Milimita alitikisa kichwa kwa huruma na kumwona muuza magari kuwa kiumbe wa ajabu sana. Wala haikumpitia akilini kwamba maneno yale yangeweza kumhusu mtu mwingine aliyekuwa mle dukani.

Ushauri hakuuomba, lakini ulimfuata hadi nyumbani. Dada yake mkubwa, karani wa posta ambaye hajawahi kukosa la kusema, alipopata fununu tu alikuja na kuketi jikoni kwake kama mtu aliyeitwa kusuluhisha ugomvi.

"Mdogo wangu, pete haiulizwi, inaletwa. Ukimwuliza mwanamke unataka pete gani, hapo umeshaharibu. Mshtue. Alie."

"Alie kwa nini?"

"Kwa furaha. Usiwe mjinga."

Rafiki yake mmoja, fundi umeme, yeye alikuwa na shauri fupi zaidi: jiwe liwe kubwa, mtu akiwa ng'ambo ya barabara alione. Milimita aliwasikiliza wote wawili, akachukua la dada yake na kuliacha la fundi umeme, kisha siku ya Alhamisi akaoga saa nane mchana na kwenda kwa sonara.

Duka la sonara lilikuwa jembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mlangoni, mmoja lazima arudi nje. Ndani kulikuwa na kabati la kioo, mizani ndogo ndani ya sanduku lake, na nyuma kabisa meza ya kazi iliyofungiwa ngozi pana kwa chini ili kudaka vumbi la dhahabu linalodondoka kwenye tupa. Sonara mwenyewe alikuwa mzee mnene mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kwenye paji la uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Anafanya kazi gani?"

Milimita alikuwa hajasema hata kilichomleta. "Nani?"

"Huyo unayemnunulia. Mwanamume wa umri wako akiingia humu katikati ya wiki, ameoga na kuchana nywele, hajaja kubadilisha betri ya saa."

"Ni mshonaji."

"Vizuri. Basi nikuambie, na hili natoa bure ndiyo maana wengi hawalichukui. Usinunue pete ya kuonyesha watu. Watu wataitazama siku moja, yeye ataivaa miaka arobaini. Mshonaji anashika hariri, anashika lasi. Ukimpa jiwe lililosimama juu ya vikucha vya chuma, kila uzi utanasa, na yeye..."

"Hilo nimeshaliona," Milimita akamkatiza. "Ana pete moja ya bei rahisi, anaivaa siku za Jumapili. Akishika lasi tu, anaivua. Nataka jiwe lizame ndani ya pete yenyewe, mtu akipitisha kitambaa juu yake kisikwame popote."

Sonara alishusha miwani ya kwenye paji la uso, akaipandisha tena, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nani amekuambia hayo?"

"Hakuna. Nimeona."

"Basi una macho, mwanangu. Sasa tumia na mdomo. Mlete hapa, nimpime kidole mwenyewe, achague. Kidole si bomba. Asubuhi ya baridi kinasinyaa, mchana wa jua kinajaa. Kuna watu vifundo vyao ni vinene kuliko kidole chenyewe, pete inaingia kwa shida halafu inacheza."

"Siwezi kumleta, mzee. Nataka kumshtua."

"Ukitaka kumshtua mtu, jifiche nyuma ya mlango. Hii ni pete."

Milimita alicheka, lakini hakusogea. Mzee akaona kichwa ni kigumu, akapumua kwa nguvu, akasema basi amletee walau kipimo cha ile pete ya Jumapili, na asisahau kwamba pete inapimwa tundu lake, yaani pale kidole kinapopita. Milimita alikuwa ameshafika mlangoni, anajibu ndiyo, ndiyo, huku akimpisha mteja mwingine.

Jumamosi alikwenda dukani kwa mshonaji. Pete ya Jumapili ilikuwa kwenye kisahani cha pini, kama kawaida yake. Mshonaji alipotoka na utepe kumpima mteja aliyesimama mbele ya kioo, Milimita akatoa mfukoni kile kipimio chake cha chuma chenye taya mbili, akaibana pete, akasoma, akairudisha. Milimita ishirini na moja. Alitumia muda mfupi kuliko wa kupiga chafya, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo moja la ufundi, na halitachukua muda. Bomba la chuma huitwa kwa upana wa tundu lake, lakini la plastiki huitwa kwa upana wake wa nje. Wiki ile nzima Milimita alikuwa kwenye bweni jipya la shule akilaza mabomba ya plastiki, mamia kwa mamia, na mkono wake ulikuwa umezoea kubana nje. Kwa hiyo aliibana ile pete kwa nje. Ilikuwa pete nene, ya madini ya kuigiza, na unene ule ndio aliokwenda nao kwa sonara kama sehemu ya kidole cha mpenzi wake.

"Ishirini na moja?" Sonara aliuliza. "Mwanangu, hicho ni kidole changu mimi. Umepima ndani?"

"Mzee, kupima ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na mmoja."

Hilo halikuwa jibu, na mzee alijua si jibu. Akamsogezea daftari kubwa lililokuwa juu ya kabati. "Basi andika mwenyewe hapa, weka na sahihi yako. Macho yangu yamechoka."

Milimita akaandika, akatia sahihi yenye mkia mrefu.

Jumapili ya wiki iliyofuata, saa kumi jioni, walikaa sebuleni kwa mama yake mshonaji: mama mwenyewe kwenye kochi lake la pembeni, dada yake Milimita aliyekuja na leso ya kulilia, mshonaji aliyedhani ni wageni wa chai tu, na Milimita ndani ya shati jipya lililomkaba shingoni. Feni ilizunguka. Chai ilimiminwa. Kisha Milimita akasimama na kuhutubia. Alisema vizuri, maana hakuwa mtu wa kutetemeka, alimsifu mama kwa malezi, akamsifu binti kwa kila kitu, akasema ameshaamua na wala hana shaka yoyote. Akatoa kiboksi. Akaushika mkono wa mshonaji na kumvisha.

Pete iliingia bila kugusa upande wowote. Ilishuka hadi mwisho wa kidole, ikakaa pale imelegea, na mshonaji alipoinamisha mkono aitazame, ikateleza, ikadondoka kwenye zulia na kubingirika hadi miguuni kwa mama.

Hakuna aliyecheka. Mama akainama, akaiokota, akaijaribu kwenye kidole chake gumba. Hata pale ilicheza.

"Baba," akamwuliza Milimita, "hii ilikuwa ya nani?"

Hakuuliza kwa ukali, na ndiyo maana swali lilichoma. Dada yake Milimita akaikunja leso na kuirudisha kwenye mkoba. Damu ilimshuka mshonaji usoni, na Milimita akaona wazi anachokiwaza: kwamba kuna mwanamke mwingine mahali fulani, mwenye vidole vinene, aliyeikataa pete hii au kuirudisha, na sasa imeletwa kwake kama nguo ya mtumba.

Milimita alijua kosa liko wapi. Alilijua pale pale, kabla mama hajamaliza kuuliza. Alikiona kipimio chake, taya zake mbili zimebana pete kwa nje kama bomba la bweni. Maneno ya kusema yalikuwa machache na mepesi: nimekosea kupima. Lakini miaka kumi na mmoja ilimkaa kooni. Watu watatu walikuwa wakimtazama, na yeye ni Milimita.

"Sonara amekosea," akasema.

Sauti yake ilikuwa imara kabisa, na hilo lilimtisha hata yeye.

Mshonaji aliichukua pete kutoka kwa mama yake, akaigeuza kwenye mwanga wa dirishani, akapitisha ukingo wa mtandio wake juu ya jiwe. Kitambaa kilipita bila kukwama. Alirudia mara ya pili, polepole. Kitu kililegea kidogo usoni pake, kisha kikakaza tena.

"Basi kesho twende wote kwa huyo sonara," akasema. "Nataka kumsikia mwenyewe. Na kama si kosa lake, tusisumbuane tena, mimi na wewe. Sitaki kuvaa pete ya mtu."

Milimita akaitikia sawa. Njiani kurudi, dada yake hakumpa ushauri wowote, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jumatatu asubuhi walikwenda kwa miguu, mshonaji mbele kidogo, Milimita nyuma na kiboksi mfukoni. Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe na alijua. Alifikiria kumpigia mzee simu mapema, kumwomba amfichie, na mara mbili aliitoa simu na mara mbili akairudisha. Aliona aibu. Kumsingizia mtu mzima ni kitu kimoja, kumwomba alibebe hilo singizio ni kingine. Akajisemea kwamba daftari litafunguliwa, sahihi yenye mkia itaonekana, na mambo yatakwisha hapo hapo mbele ya kabati la kioo. Hofu ilimshika, hofu ya kweli, ya mtu anayekaribia kupoteza kitu asichoweza kukipata dukani mara moja wala mara tatu.

Sonara alikuwa akinywa maji. Aliwaona wanaingia, akamwona mwanamke, akauona mkono wake mwembamba, akaona kiboksi kinawekwa juu ya kabati, na kabla mtu hajafungua kinywa alikuwa ameshaelewa yote.

"Shikamoo baba," mshonaji alisema. "Tumekuja kwa ajili ya hii pete. Imekuwa kubwa sana."

"Marahaba, binti. Nionyeshe." Mzee aliipokea, akaipima kwa macho, akaupima tena kwa macho mkono wa mshonaji, kisha akavua miwani zote mbili na kuziweka chini. "Hili kosa langu. Nisamehe. Kijana alileta kipimo sahihi, mimi nikasoma vibaya. Uzee huu. Nitaipunguza, kesho kutwa iko tayari, na gharama ni juu yangu."

Daftari lilikuwa pale pale juu ya kabati. Mzee aliweka kiwiko chake juu yake, taratibu, kama mtu anayepumzisha mkono.

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Mshonaji alivuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka, na Milimita akatambua kwamba tangu jana mwanamke huyu alikuwa ameyabeba mabega yale juu bila kuyapumzisha.

"Basi yamekwisha," mshonaji akasema. Kisha akamgeukia, akamshika mkono. "Nisamehe na mimi. Jana nilikutilia shaka. Nilikuwaza vibaya sana, na wewe hukuwa umefanya kitu. Samahani."

Angesema neno lingine lolote, pengine Milimita angenyamaza hadi leo. Lakini lile samahani hakuweza kulimeza. Aliona jinsi litakavyokuwa: yeye akiombwa radhi leo, akiombwa radhi na kesho, na chakula kikiungua, jiko ndilo litakalokuwa na makosa. Akamwona muuza magari, nadhifu, ananukia, amesimama mle dukani amevaa shati lake yeye. Akapiga moyo konde.

"Usiniombe samahani," akasema. "Mzee hakukosea. Nilikosea mimi."

"Kijana," sonara akasema kwa onyo.

"Hapana, mzee, toa mkono." Akalivuta daftari kutoka chini ya kiwiko, akafungua ukurasa, akamwonyesha mshonaji. "Huu mwandiko wangu. Hii sahihi yangu. Niliipima ile pete yako ya Jumapili kwa siri, ulipokuwa unampima mteja. Niliipima nje badala ya ndani. Wiki nzima nilikuwa napima mabomba kwa nje, mkono ukaenda wenyewe. Mzee aliniambia nikulete, sikumsikiliza. Aliniuliza kama nimepima ndani, sikumjibu. Kosa ni langu lote."

Mshonaji alisoma ile tarakimu. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko zinavyohitaji tarakimu mbili.

"Na jana?" akauliza. "Jana ulikuwa hujui?"

Hili ndilo alilokuwa akiliogopa. "Nilijua. Mama alipouliza, nilijua pale pale. Nikasema uongo."

Sonara alijifanya anatafuta kitu kwenye droo, lakini droo yenyewe ilikuwa tupu.

"Umeniumiza," mshonaji akasema. "Nataka ulijue hilo, nisikufiche. Ukubwa wa pete haukuniumiza, ningeucheka. Kilichoniuma ni usiku kucha kuzunguka nyumba nikimtafuta mwanamke ambaye hayupo."

"Najua."

"Hujui. Ndiyo nakuambia." Alilifunga daftari na kulisukuma kwa mwenyewe. "Mzee ameshakuokoa. Mimi nimeshaamini, nimeshaomba hadi samahani. Kwa nini umesema?"

Milimita alifikiri. Kwa kawaida alikuwa na jibu kabla ya swali. "Kwa sababu ungeolewa na mtu mwingine," akasema. "Mtu asiyekosea. Mimi nakosea. Sijazoea kusema, lakini nakosea, na bora unione hivyo mapema."

Mshonaji aligeuza uso akatazama kabati, pete zote zile zimepangwa kwenye kitambaa cheusi. Alipogeuka tena macho yake yalikuwa na maji, ila mdomo ulikuwa unajizuia kucheka.

"Nilikaa na mtu miaka miwili nikisubiri sentensi hiyo," akasema. "Wewe umeisema kabla ya saa nne asubuhi."

"Mmeniharibia kazi," sonara akasema, akirudisha miwani yake puani kwa hasira ya uongo. "Miaka thelathini nabeba makosa ya wanaume wa mji huu. Pete ikiwa kubwa, kosa langu. Ikiwa ndogo, kosa langu. Jina likiandikwa la mwanamke mwingine, ndiyo, hata hilo limeshatokea, kosa langu. Watu wanakwenda kuoana kwa amani. Wewe ndiye wa kwanza kuunyang'anya mzigo kutoka kichwani kwangu, na sijui hata nikuchukulie vipi." Akachukua kifungu cha pete za chuma za kupimia, kinacholia kama funguo. "Binti, mkono. Umetembea juani? Vizuri. Tupime sasa, na jioni upite nipime tena."

"Subiri, baba," mshonaji akasema. "Kuna kitu bado."

Akamgeukia Milimita. Hakuwa na haraka yoyote.

"Jana ulisema mengi pale kwa mama. Ulisema umeshaamua, ulisema huna shaka. Ukanivisha. Mimi nilikuwa nakusikiliza kwa makini, nikisubiri mahali pangu pa kusema kitu, sikupaona. Hukuniuliza."

Milimita alirudi nyuma kichwani, akaipitia hotuba yake yote, malezi, sifa, uamuzi, na akakuta ni kweli. Swali lenyewe halikuwamo. Alikuwa amepanga hadi shati, akasahau kuuliza.

Basi akauliza. Pale pale kwenye duka jembamba, amebanwa kati ya kabati na mlango, bila hotuba. Alimwuliza kama angependa kuolewa naye, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kulipanga jambo hili alikuwa hajui jibu.

"Pete ikae vile vile na jiwe lake," mshonaji akasema, "hilo uliliona vizuri kuliko ambavyo ningechagua mimi. Tarehe tutaipanga wawili. Duka langu haliguswi. Na ukikosea tena, uniambie siku hiyo hiyo, kabla sijalala."

"Sawa. Na jibu?"

"Si ndiyo hilo nimekupa? Ndiyo."

Sonara akampima. Milimita kumi na saba, tundu. Aliiandika kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe, kwa tarakimu kubwa, na pete ikabaki kwake ikatwe.

Walitoka nje mikono mitupu. Walikuwa hawajafika hata kwenye kona simu ya mshonaji ilipolia. Alikuwa mama, ambaye bila shaka alikuwa ameikalia simu tangu asubuhi, na alizungumza kwa nguvu kiasi kwamba Milimita alisikia kila neno.

"Haya, niambie. Ilikuwa ya nani?"

"Ni yangu, mama. Fundi alikosea kipimo."

"Fundi yupi? Huyo sonara?"

Mshonaji alimtazama Milimita pembeni yake, anayesubiri na jasho kwenye paji la uso.

"Hapana, mama," akasema. "Fundi wangu."